Gadi Aliyekatwa Kambini Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kwa nini nimekiandika

Tangu nianze kazi ya ukocha msaidizi kwenye timu za wanawake za vyuo vya Marekani, ujumbe ninaoupokea zaidi kutoka nyumbani huwa na swali moja. Wanaliuliza makocha wa Dar es Salaam na Nairobi, na wazazi ambao binti yao ametakiwa na chuo fulani: afunge pointi ngapi kwa mchezo ndipo aweze kucheza kikapu cha kulipwa? Kwa miaka mingi nililijibu vilevile lilivyoulizwa. Nilitaja pointi kumi na nane, ishirini, na asisti tano, yaani pasi zinazozaa kikapu, juu yake kama mtoto ni gadi, mchezaji wa nyuma anayepandisha mpira. Mchezaji nitakayemweleza hapa ndiye aliyenifanya niache kujibu hivyo.

Nitamwita Gadi, kwa nafasi aliyocheza. Jina lake, chuo, miji, klabu na timu zake nimeviondoa, na mambo madogo yasiyogusa hoja nimeyabadilisha ili asitambulike. Amesoma rasimu na kuridhia ichapishwe. Miaka nimeiacha kwa sababu sheria za ligi zilikuwa zikibadilika msimu kwa msimu, na maamuzi yake hayaeleweki bila sheria hizo. Nilikuwa mmoja wa makocha wake wasaidizi chuoni, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu.

Usuli

Gadi alitoka mji mdogo, mtoto wa mama anayefanya kazi ya usiku hospitalini. Hakuwa mrefu, hata kwa gadi alikuwa upande wa wafupi. Vyuo vikubwa havikumwandikia. Chuo chetu cha Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, lakini cha katikati tu, kilimpa ufadhili kamili wa masomo. Mwaka wa kwanza alikaa benchi. Mwaka wa pili alianza. Kufikia mwaka wa tatu timu nzima ilikuwa inapita mikononi mwake. Alipandisha mpira, tukamwekea skrini ya kwanza, yaani mwenzake anasimama njiani kumzuia mlinzi, ikishindikana tukamwekea ya pili, hata ya tatu, mpaka apate upenyo. Msimu wake mzuri kuliko yote alifunga zaidi ya pointi ishirini kwa mchezo.

Upande wa pili wa uwanja tulimficha. Sina neno zuri zaidi la kusema. Tulimpa amlinde mpinzani dhaifu kuliko wote, mara nyingi mchezaji anayesimama kona bila kuguswa na mpira, ili asichoke na asipate faulo za mapema. Tukicheza zoni, ambapo kila mtu analinda eneo lake, tulimweka mahali pasipo na kazi nyingi. Tulishinda mechi kwa mpango huo, na kocha mkuu alipata mkataba mpya.

Sasa ligi aliyokuwa anailenga. Mwaka 2022 WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, ilikuwa na timu 12, na kila timu iliruhusiwa wachezaji 12 wasiozidi. Hizo ni nafasi 144, na hata hizo hazikujaa: ukomo wa mishahara kwa timu nzima ulikuwa dola 1,379,200 na kwa kawaida haukuvukwa, kwa hiyo timu kadhaa zilibaki na wachezaji 11 kwa kukosa fedha ya kumlipa wa kumi na mbili. Kila Aprili huja drafti, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, siku hizo watu 36 katika raundi tatu. Wengi wa walioitwa raundi za chini hukatwa kabla msimu haujaanza. Nyuma yao wapo wasiochaguliwa kabisa, wanaoalikwa kambini, kwenye mazoezi ya kuchuja kikosi kabla ya msimu, kwa mkataba usio na dhamana. Huko mtu hupewa malazi na posho, na mshahara huanza msimu ukianza kama bado yumo.

Kalenda nayo haina huruma. Mwaka huo fainali ya vyuo ilichezwa Aprili 3, drafti ikawa Aprili 11, kambi zikafunguliwa Aprili 17 na ligi ikaanza Mei 6. Binti anatoka darasani na kuingia kazini ndani ya mwezi mmoja, na hana likizo ya kujifunza kazi mpya.

Kazi yenyewe ni tofauti, jambo ambalo watu wa nyumbani hawaambiwi mara nyingi. Chuoni wanawake wana sekunde 30 za kutupa mpira kikapuni. Kwenye ligi ni 24. Chuoni una sekunde 10 za kuvuka nusu ya uwanja. Kwenye ligi ni 8. Ukibanwa tangu upande wako, unafika mbele ukiwa umebakiwa na sekunde kumi na sita hivi, na skrini ya tatu haipo tena. Halafu kuna sheria ya sekunde tatu za ulinzi. Chuoni mlinzi mrefu anaweza kusimama chini ya kikapu muda wote akiwasubiri wanaopenya. Kwenye WNBA haruhusiwi kukaa pale zaidi ya sekunde tatu bila kumlinda mtu. Maana yake kwa gadi ni kwamba akipitwa, nyuma yake hakuna ukuta.

Uamuzi wa kwanza: mwaka wa tano

Kwa sababu ya janga la korona, chama cha michezo cha vyuo, NCAA, kiliwapa wachezaji wa msimu wa 2020–21 mwaka mmoja wa ziada. Gadi alikuwa na njia tatu: kuingia drafti ya 2021, kuhamia chuo kikubwa, au kubaki kwetu.

Chuo kimoja cha konferensi kubwa, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, kilimtaka. Mpango wao ulikuwa wazi: wana mpandisha mpira wao tayari, yeye angecheza bila mpira na kumlinda gadi wa pili wa wapinzani. Dakika zake zingepungua, pointi zake zingeshuka nusu. Sheria mpya ilimruhusu kuhama bila kukaa nje msimu.

Alikuja ofisini kwangu kuniuliza. Nilimwambia abaki. Nilisema maskauti hutazama anayebeba timu, na kwamba kwenda kuwa msaidizi mwaka wa mwisho ni kujipunguza. Tulikuwa pia na jambo jipya la kumvutia, maana tangu Julai 1, 2021 wanachuo waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na wafanyabiashara wawili wa mji wetu walikuwa tayari kumlipa kidogo. Alibaki, akaanza shahada ya pili na kufunga tena kama kawaida yake. Tulitolewa mapema kwenye mashindano ya konferensi.

Nilichomwambia nilikiamini. Lakini nilikuwa pia mtu ambaye ajira yake ilitegemea yeye kubaki, na hilo sikumwambia.

Kambi ya kwanza, 2022

Jina lake halikuitwa kwenye drafti. Usiku uleule wakala wake alipigiwa simu na timu iliyotaka gadi wa kukamilisha kambi. Kwa mwenye uzoefu kama wake, kima cha chini cha mshahara msimu huo kilikuwa dola 60,471. Mama yake alilia kwa furaha. Mimi nilimtumia Gadi video za mechi zake bora zote, nikidhani namtia moyo.

Siku ya kwanza kambini alipewa kazi ya kumbana mpandisha mpira wa timu, mkongwe wa misimu mingi, uwanja mzima. Alinieleza baadaye kwamba hakuwahi kufanya hivyo tangu sekondari. Mkongwe yule alimpita kushoto, akampita kulia, akamgeuza hadi akakaa chini. Kwenye mashambulizi aliambiwa asimame kona, na mpira ukija atupe mara moja. Mpira ulikuja. Akafanya alichokizoea: akapiga dribo mbili kumpima mlinzi. Kufikia dribo ya pili mlinzi mwingine alikuwa ameshafika, na sekunde zimekwisha.

Tatizo la kona linamhusu kila gadi nyota. Miaka mitatu mpira ulianzia kwake, hakuwahi kuungoja. Kutupa mpira unaokujia kutoka kwa mwingine kunataka miguu iwe imekaa tayari, magoti yamekunjwa, mikono juu, kabla pasi haijatoka mkononi mwa mwenzako. Yeye miguu yake ilikuwa inasubiri kuona mpira kwanza. Ni tofauti ya nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo mlinzi wa kiwango kile ameshakufikia.

Alikatwa siku ya tisa. Kikao kilichukua dakika mbili. Aliambiwa kuwa anafunga vizuri, ila timu ina wafungaji wake tayari, na mchezaji wa kumi na moja analipwa kwa kazi ambazo nyota hawazifanyi.

Alinipigia kutoka uwanja wa ndege. Alichouliza hakikuwa cha lawama, lakini kilinikaa: “Kocha, kwa nini hukuwahi kunipa mtu wa kumlinda?”

Siku chache baadaye, Mei 2022, timu ya Minnesota Lynx ilimkata Crystal Dangerfield, gadi iliyemchagua namba 16 mwaka 2020 na ambaye msimu huohuo alitwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi nzima. Nilimtajia Gadi habari hiyo ili ajue ukubwa wa mlango aliokuwa anabisha.

Uamuzi wa pili: klabu ya kwanza ya Ulaya

Wakala alileta ofa mbili. Klabu moja ililipa karibu mara mbili ya nyingine, kwenye ligi ambayo wachezaji huambiana kimyakimya kuwa fedha huchelewa. Ya pili ilikuwa ndogo, yenye sifa ya kulipa tarehe ileile kila mwezi. Gadi alikuwa na deni la gari na mama wa kumsaidia. Alichagua fedha nyingi.

Mwezi wa kwanza alilipwa. Wa pili alilipwa nusu. Wa tatu aliambiwa mfadhili yuko safarini. Uwanjani walimtaka afunge, na alifunga. Kocha alikuwa anamwachia mpira kama tulivyofanya sisi. Kwa hiyo hakujifunza lolote jipya, na mfukoni hakuna kitu. Januari alifungasha mizigo akaondoka na ndege ya asubuhi bila kumwandikia mtu.

Hapo ndipo alipopoteza haki yake, na nataka wasomaji wenye mabinti walisome hili polepole. Shirikisho la kikapu la dunia, FIBA, liliunda mwaka 2007 baraza la usuluhishi ambalo leo linajulikana kama BAT. Mchezaji asiyelipwa anaweza kulipelekea madai, na klabu ikikaidi hukumu FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji. Lakini BAT husikiliza kesi ikiwa pande mbili zimekubaliana hivyo, na makubaliano hayo kwa kawaida huwa kipengele ndani ya mkataba. Mkataba wa Gadi ulisema migogoro itakwenda mahakama ya mji wa klabu. Wakala wake hakukibadilisha kipengele hicho, na yeye hakukisoma. Juu ya hilo, aliondoka bila barua ya kudai malimbikizo na kutoa muda wa kulipa, kwa hiyo klabu ilidai kwamba yeye ndiye aliyevunja mkataba. Mishahara ile hajaipata hadi leo.

Aliachana na wakala. Aprili 2023 hakuna timu iliyompigia simu.

Kiangazi cha 2023

Alirudi mji wa chuo, akakodi chumba, akafanya kazi ya kufundisha watoto kwenye kambi za kikapu za mchana. Jioni tulikutana kwenye ukumbi wa mazoezi. Nilikuwa nimekwisha kumwomba radhi kwa ushauri wa mwaka wa tano. Alisema tuanze.

Tulianza na miguu, bila mpira kabisa. Kumkabili mwenye mpira kwa kuteleza pembeni bila kuvuka miguu, kifua mbele ya nyonga yake, mkono mmoja kwenye mpira na mwingine kwenye njia ya pasi. Nilimletea vijana wa kiume wa chuo, wepesi kuliko yeye, wakawa wanapandisha mpira naye akiwabana uwanja mzima. Kazi yake haikuwa kupora. Alitakiwa kuwageuza mara tatu kabla hawajavuka mstari wa kati, ili wapoteze sekunde nane nzima. Wiki mbili za kwanza alikuwa akitapika. Wiki ya tano kijana mmoja alilalamika kwangu kwamba hataki tena kupangwa naye.

Kisha skrini. Gadi mfupi akigonga skrini ya mtu wa kilo tisini anakufa pale, na timu yake inabaki wanne. Tulirudia mamia ya mara namna ya kupita juu ya skrini: kuiona kabla haijafika, kuingiza mguu wa mbele, kujinyoosha uwe mwembamba, kurudi mbele ya mtu wako ndani ya hatua mbili.

Mitupo ilikuja mwisho wa jioni, miguu ikiwa imechoka, kwa makusudi. Kona ya kushoto na kona ya kulia, bila dribo. Nilimtaka aingize mia moja na hamsini kila siku, haijalishi atupe mingapi. Sheria ilikuwa moja: mpira ukimkuta wima, hauhesabiwi.

Katikati ya Julai alikaa sakafuni akafunika uso kwa taulo. Alisema anahisi kama anafundishwa kuwa mchezaji wa kawaida. Sikuwa na jibu la busara. Nilimtajia Erica Wheeler, gadi aliyetoka Rutgers mwaka 2013 bila kuchaguliwa na timu yoyote, akaenda kucheza nje, kisha mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa mchezo wa nyota wa WNBA. Gadi alisema yeye hahitaji mchezo wa nyota, anataka kumaliza kambi moja bila kuitwa ofisini. Akainuka.

Uamuzi wa tatu: klabu ndogo

Wakala mpya alimtafutia klabu ya katikati ya msimamo, nchi nyingine ya Ulaya, kwa fedha pungufu kuliko ile ya kwanza. Safari hii alisoma mkataba kifungu kwa kifungu. Kipengele cha BAT kilikuwemo, pamoja na siku za kusubiri malipo kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Kabla ya kusaini aliomba kuzungumza na kocha, akamuuliza swali ambalo ningependa kila mchezaji aulize: utanipa nimlinde nani?

Kocha alijibu kwamba tayari ana mfungaji, na anatafuta mtu wa kumkaba gadi bora wa kila mpinzani. Gadi alisaini. Msimu wa 2023–24 wastani wake wa pointi ulikuwa chini ya nusu ya ule wa chuoni, na alicheza zaidi ya dakika thelathini karibu kila mechi. Tovuti zinazoorodhesha takwimu zilimwonyesha kama mchezaji aliyeporomoka. Wakala alikata video ya dakika nne isiyo na kikapu hata kimoja, ulinzi mtupu, akaituma kwa timu zote 12.

Kambi ya pili na simu ya dharura, 2024

Timu moja ilimwalika. Kambi zilifunguliwa Aprili 28, ligi ilianza Mei 14. Gadi alifika hadi kundi la mwisho la kukatwa, akakatwa. Sababu ilikuwa hesabu: timu iliamua kuanza na wachezaji 11 ili isivuke ukomo wa mishahara. Kocha msaidizi alimsindikiza hadi kwenye gari akamwambia abaki tayari.

“Baki tayari” ni maneno ambayo hayalipi kodi ya nyumba. Alikuwa na ofa ya ligi ya kiangazi kwingineko, na angeikubali asingeweza kuja haraka akiitwa. Alikuwa ameweka akiba ya miezi minne kutoka Ulaya, jambo alilojifunza kwa machungu ya klabu ya kwanza. Alikataa ofa, akarudi kwenye ukumbi wetu na watoto wake wa kambi za mchana.

Alisubiri wiki sita. Ligi ilikuwa na mkataba wa dharura: timu ikibakiwa na wachezaji chini ya kumi wanaoweza kucheza, iliruhusiwa kumsajili mtu wa muda, na majeruhi akipona mtu huyo aliondoka. Timu ile ilipata majeraha mawili ndani ya wiki moja. Walimpigia saa nne usiku. Saa moja asubuhi alikuwa angani.

Walimchagua yeye na kuwaacha wengine kwa sababu alikuwa amekaa kambini, anazijua skrini zao kwa majina. Alicheza dakika chache, akatupa mitupo michache sana. Majeruhi alirudi, yeye akaondoka, na ligi ikasimama kupisha Olimpiki ya Paris. Ilipoendelea katikati ya Agosti aliitwa tena, mara hii kwa mkataba wa siku saba, aina iliyoruhusiwa baada ya nusu ya msimu.

Matokeo

Vuli hiyo alirudi klabu yake ndogo. Mkataba mpya ulikuwa na kipengele alichokidai mwenyewe: klabu imwachie kabla ya kambi za WNBA kufunguliwa, hata kama mechi za mtoano za ligi ya nyumbani hazijaisha. Klabu ilipunguza mshahara kidogo kwa ajili ya kipengele hicho. Alikubali.

Mwaka 2025 ligi iliongeza timu ya kumi na tatu, Golden State Valkyries, na hivyo nafasi nyingine 12. Timu mpya ilipochukua wachezaji kutoka timu zilizokuwepo, mapengo yalifunguka kila mahali. Gadi aliingia kambi yake ya tatu na kumaliza bila kuitwa ofisini. Alianza msimu kama mchezaji wa mwisho kikosini, kwa kima cha chini cha dola 66,079. Nafasi yake haikuwa salama siku yoyote, lakini jina lake lilikuwa kwenye orodha ya ufunguzi, miaka mitatu baada ya kukatwa mara ya kwanza.

Uchambuzi

Nianze na lililonihusu. Mpango wetu wa chuoni ulikuwa mzuri kwa chuo. Ukimpa mfungaji wako mpira na kumpumzisha kwenye ulinzi, unashinda mechi za Januari. Wakati huohuo unamlea mtu asiye na kazi ya kufanya siku atakapokutana na wafungaji wakubwa kuliko yeye. Kwenye WNBA karibu kila mwanamke anayekaa benchi alikuwa nyota wa chuo chake. Wote walifunga ishirini. Kocha wa kulipwa akitazama mwisho wa benchi anatafuta anayeweza kuingia dakika nne, kumsumbua gadi wa wapinzani, kuingiza mtupo wa kona akiachwa, na asipoteze mpira. Sisi tungeweza kumfundisha hayo bila kumnyang'anya mpira. Ilitosha kumpa mpinzani wa kweli kwa robo moja ya kila mchezo.

Mwaka wa tano naona lilikuwa kosa kubwa kuliko klabu isiyolipa, ingawa yeye hakubaliani nami. Anasema asingebaki asingekuwa na shahada ya pili, na shahada hiyo ndiyo inayompa usingizi. Namheshimu kwa hilo. Bado naamini msimu mmoja wa kucheza bila mpira katika konferensi kubwa ungempunguzia miaka miwili. La kujifunza kwa mzazi ni kwamba anayemshauri binti abaki au ahame aulizwe kwanza yeye mwenyewe anapata nini binti akibaki.

Kuhusu klabu ya kwanza, watu hulaumu tamaa ya fedha, nami siilaumu. Alikuwa na madeni halali. Kosa lilikuwa kulinganisha tarakimu mbili zilizoandikwa badala ya kulinganisha fedha zinazofika benki. Nimewaona mabinti wakiuliza rangi ya jezi na aina ya nyumba kabla ya kuuliza kama mkataba unataja BAT. Na mtu akicheleweshewa malipo, aandike. Barua moja ya kudai, yenye tarehe na nakala kwa wakala, ingembakizia Gadi hoja hata mbele ya mahakama ya mji ule.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, kilianzia kwenye lile swali alilomuuliza kocha wa klabu ndogo. Makubaliano yalipoanza na kazi atakayoifanya, kila dakika aliyocheza ikawa ushahidi wa kazi hiyo. Zile dakika thelathini za ulinzi kila wiki zilimjenga kuliko jioni zetu zote za Julai. Mimi nilimpa mwanzo tu. Ndiyo maana huwa nawaambia wachezaji wangu waikwepe klabu kubwa itakayowaweka benchi mwaka wa kwanza. Gadi anayerudi kambini akiwa amekaa tu ana jina zuri kwenye karatasi na miguu iliyolala.

Akiba ya miezi minne nayo haionekani kwenye takwimu zozote. Bila akiba ile angeikubali ofa ya kiangazi, na simu ya saa nne usiku ingemkuta nchi nyingine. Bahati ilikuwepo pia, na siwezi kuificha. Majeraha mawili wiki moja, timu mpya mwaka uliofuata. Wapo magadi wenye uwezo kama wake niliowafundisha ambao simu haikulia, na leo wanafundisha shule au wanauza bima. Kisa chao nao kinastahili kuandikwa.

Jambo moja halijatatuliwa. Gadi hucheza Ulaya majira ya baridi na Marekani majira ya joto, na mwili wake haujapata miezi miwili mfululizo ya kupumzika tangu 2023. Mwisho wa msimu uliopita alianza kuwa na maumivu ya unyayo yasiyokwenda. Tumezungumza kuhusu kuruka msimu mmoja wa Ulaya. Anajua kwamba fedha ya akiba inatoka huko. Hajaamua.

Juni 2025 nilikuwa nyumbani kwa mama yake jioni ambayo timu yake ilishinda ugenini. Gadi alipiga simu kutoka kwenye basi. Mama akauliza alivyouliza tangu binti yake akiwa na miaka kumi na miwili: umefunga ngapi? Nikasikia jibu likitoka kwenye spika, “Mbili, mama.” Mama alinyamaza kidogo akinitazama. Kisha akaisogeza simu karibu na kuuliza, “Na ulikuwa unamlinda nani?”